Dar hadi Mumbai: usihesabu safari kwa saa za kwenye tiketi

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere mpaka Mumbai ni kama kilomita 4,700 kwa mstari mnyoofu, karibu zote juu ya Bahari ya Hindi. Ndege ya moja kwa moja, ambayo Air Tanzania ilianza kuirusha mwaka 2019, huchukua takriban saa sita. Ndugu wengi wanaokwenda kutibiwa huniuliza mbona tiketi zao zinaonyesha zaidi.

Sababu ni hii: muda wa kuondoka huandikwa kwa saa za Dar, wa kufika kwa saa za India, na India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ukiondoka 16:00, yaani saa kumi jioni, tiketi itasema unafika 00:30. Ukitoa harakaharaka unapata saa nane na nusu. Toa zile mbili na nusu, zinabaki sita. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: safari ileile itaonekana ni ya saa tatu na nusu.

Hiyo 00:30 nayo iangalie vizuri. Ni saa sita na nusu usiku, na tarehe imeshabadilika. Mwambie anayewapokea tarehe ya kufika, si ya kuondoka. Na kama ndege yenyewe inaondoka 00:30 ya tarehe 15, jioni ya tarehe 14 uwe umeshafika Terminal 3.

Kwa mwenye mgonjwa, hesabu hii inagusa dawa. Nilipompeleka mama, alikuwa akimeza dawa ya presha saa moja asubuhi na saa moja jioni. Saa moja jioni ya Dar ni saa tatu na nusu usiku Mumbai. Tulimuuliza daktari wake mapema, akasema njiani tufuate saa za Dar, tukishafika ndipo tusogeze kidogo kidogo. Simu ilijibadilisha yenyewe tulipotua, kwa hiyo saa ya mkononi niliiacha kama ilivyotoka nyumbani. Kwa insulini ndiyo usikisie kabisa, muulize daktari.

Kuhusu kupitia Dubai: njia inafika kama kilomita 5,900, na angani peke yake ni zaidi ya saa nane. Kinachochosha hasa ni kusubiri ndege ya pili, maana tiketi ya bei nafuu mara nyingi ndiyo yenye kusubiri kurefu. Kijana mzima atavumilia. Mgonjwa anayevimba miguu, mimi ningeongeza hela apande ya moja kwa moja, na kiti cha magurudumu ningekiomba siku ninayokata tiketi.

Kutoka Tegeta au Mbagala, foleni usiipuuze. Fika uwanjani zikiwa zimebaki saa tatu ndege iondoke, ili mgonjwa apate kukaa na kula kabla ya ukaguzi.