Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, mulika mpaka kaakaa

Mwanangu alipozaliwa alikuwa na mkato mdogo kwenye mdomo wa juu, upande wa kushoto, usiofika hata kwenye tundu la pua. Ufizi ulikuwa mzima. Mkunga aliniambia, "Hiki ni kidogo, mama, kitashonwa," akamfunika akanipa. Nilishukuru. Hakuna aliyefungua kinywa chake akamulika ndani, na mimi sikujua kwamba palikuwa na la kutazama.

Wiki tatu zilizofuata ndizo zilizonisukuma kuandika haya. Mtoto alinyonya dakika 40 akaishia kulala kwa kuchoka, si kwa kushiba. Maziwa yalimtoka puani. Uzito ulishuka. Niliambiwa nina maziwa mepesi, nikaambiwa simshiki vizuri, nami niliyaamini yote mawili. Mpaka daktari mwingine alipomlaza, akakandamiza ulimi kwa kijiti na kuwasha tochi: kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya paa la kinywa isiyo na mfupa, lote lilikuwa wazi, kuanzia kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hadi unapoanza mfupa. Mtoto aliyepasuka kaakaa hawezi kuvuta maziwa, kwa sababu hewa inapita puani na kinywa hakijifungi. Angekesha kifuani mwangu na bado angebaki na njaa.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, au baba unayesoma haya usiku ukiwa na mtoto mchanga mapajani, swali la kwanza kumuuliza daktari ni hili: mpasuko unaanzia wapi na unaishia wapi? Swali la "kwa nini" litakujia tu, nami nitalifikia. Lakini jibu la "wapi" ndilo linaloamua mtoto atakula vipi wiki hii.

Mpasuko wa mdomo na mpasuko wa kaakaa ni mambo mawili yanayoweza kuja pamoja au kila moja peke yake. Mdomo unaweza kupasuka upande mmoja au pande zote mbili. Ukiishia njiani huitwa nusu, ukipanda hadi ndani ya pua huitwa kamili. Nyuma ya meno ya mbele, kwenye mfupa wa kaakaa, kuna kitundu kidogo ambacho madaktari hukitumia kama mpaka: mdomo, ufizi na kipande cha mbele huhesabiwa pamoja, na kaakaa gumu na laini lililo nyuma yake huhesabiwa peke yake. Mpaka huo haukuchorwa ovyo. Sehemu hizo mbili hujengwa kwa nyakati tofauti mtoto akiwa tumboni, ndiyo maana moja inaweza kuharibika na nyingine ikapona.

Ukisoma karatasi za hospitali utakutana na mgawanyo wa Veau, daktari wa Ufaransa, wa mwaka 1931. Anagawa kaakaa makundi manne: laini peke yake, laini na gumu, mpasuko unaopita hadi ufizi upande mmoja, na unaopita pande zote mbili. Ni rahisi kukumbuka, ila kwa mtoto kama wangu hautoshi: unamweka kundi la kwanza na hausemi lolote kuhusu mdomo wake. Mimi napenda zaidi mfumo wa herufi, LAHSHAL, ulioletwa na daktari Kriens mwishoni mwa miaka ya 1980. Unasoma kutoka kulia kwa mtoto kwenda kushoto: mdomo (L), ufizi (A), kaakaa gumu (H), kaakaa laini (S), kisha unarudi kwa gumu, ufizi na mdomo wa kushoto. Herufi kubwa ni mpasuko kamili, ndogo ni nusu, nukta ni mahali pazima. Wa kwangu ni ...S..l. Niliziandika alama hizo saba kwenye kadi yake ya kliniki, na tangu siku hiyo kila daktari mpya aliyemshika alijua kisa chote kabla sijafungua mdomo. Omba uandikiwe na wewe.

Kuna aina moja inayowaponyoka wengi zaidi, nayo ni mpasuko uliofichwa. Utando wa juu umeungana lakini misuli chini yake haikuungana. Dalili zake ni tatu: kimio kilichogawanyika mara mbili, pengo mwishoni mwa mfupa linaloguswa kwa kidole, na mstari wa rangi ya buluu katikati ya kaakaa. Mtoto anaweza kufika umri wa kuzungumza ndipo watu washangae sauti yake inatokea puani. Kidole usimtie wewe, mwachie daktari. Kimio unaweza kukitazama mwenyewe anapolia.

Sasa hilo la "kwa nini".

Uso wetu haukui kama kitu kimoja. Huanza kama vivimbe vidogo vinavyosogeleana kutoka pembeni na juu, kisha vinashikana. Mdomo wa juu hushikana kati ya wiki ya nne na ya saba ya mimba. Kaakaa hufuata: vibao viwili vya nyama vinaning'inia wima, kimoja kila upande wa ulimi, ulimi unashuka, vibao vinanyanyuka, vinalala na kukutana katikati, halafu vinaungana kutoka mbele kwenda nyuma. Kazi hiyo huisha karibu na wiki ya 12. Kibao kikichelewa kunyanyuka, au ulimi usiposhuka, kichwa kinaendelea kupanuka na vibao havifikiani tena. Kwa watoto wenye taya dogo sana la chini, ulimi hubaki juu ukiwa umezuia njia, na kaakaa linabaki na uwazi mpana wenye umbo la herufi U. Watoto hao huweza kubanwa pumzi, kwa hiyo taya la mwanao likionekana limerudi nyuma, sema mapema.

Zihesabu tena wiki hizo. Mdomo wa mwanangu ulikwisha kuamuliwa wakati mimi bado nahesabu siku nikijiuliza kama nimechelewa. Nilikuwa nimejilaumu kwa kazi nzito niliyofanya mwezi wa sita, kwa kuanguka mwezi wa saba, kwa ugomvi na mtu nyumbani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuufungua mdomo ulioungana miezi mingi nyuma.

Kwa wengi chanzo ni mchanganyiko: jeni kadhaa, kila moja ikisukuma kidogo, pamoja na mazingira ya mimba changa. Duniani ni takriban mtoto mmoja kati ya 700. Mpasuko wa mdomo huwapata zaidi wavulana na huja zaidi upande wa kushoto; ule wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wasichana. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiwa nao, mara nyingi mwenzake hana. Hilo lilinifundisha kwamba damu peke yake haimalizi jambo, na likanisaidia kunyamazisha mabishano ya upande gani wa ukoo ulioleta.

Ila kuna hali ambazo urithi ni wa moja kwa moja. Mzazi au mtoto akiwa na vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, mwambie daktari, hata kama vinaonekana urembo. Huenda ni ugonjwa wa Van der Woude, unaotokana na jeni iitwayo IRF6, na kila mtoto wa mzazi mwenye nao ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Na mpasuko wa kaakaa peke yake, karibu nusu ya visa, huandamana na tatizo jingine mwilini. Moyo, macho na masikio yapimwe.

Yaliyo mikononi mwetu ni machache lakini yapo. Sigara na pombe huongeza hatari. Kisukari kisichodhibitiwa kabla ya mimba pia. Baadhi ya dawa za kifafa, kama valproeti, fenitoini na topirameti, zina rekodi mbaya, na vidonge vya chunusi vya isotretinoini havifai kabisa kwa anayetaka mimba. Nakusihi, dawa ya kifafa usiiache mwenyewe. Degedege linaweza kukuua wewe na mimba. Nenda ubadilishiwe kabla hujabeba. Vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, anza kabla ya mimba. Vinalinda uti wa mgongo wa mtoto bila ubishi, na huenda vikapunguza na mpasuko.

Wangu alishonwa mdomo akiwa na miezi minne na kaakaa akiwa na miezi kumi na moja. Kabla ya hapo nilimlisha maziwa niliyokamua, kwa chupa laini ya kubinya, ameketi wima, nikimcheulisha kila baada ya muda mfupi. Uzito ulipanda wiki ileile. Masikio yake yanapimwa kila mara, kwani misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija wa sikio, na maji hujikusanya ndani kimyakimya.

Nilipobeba mimba ya pili nilielezwa kwamba wazazi wazima wenye mtoto mmoja wa hivi wana uwezekano wa karibu 4 kwa 100 kupata mwingine. Kipimo cha picha katikati ya mimba kilionyesha mdomo mzima, na nikaambiwa wazi kwamba kaakaa huwa halionekani vizuri pale. Mtoto alipotoka, kabla ya kuuliza ni wa kike au wa kiume, nilimwomba mkunga awashe tochi.