Ukichagua Maikrowevu Yenye Oveni, Anza na Upande wa Oveni

Maikrowevu ya kawaida hupasha chakula upesi, lakini haiwezi kuoka keki ikashika rangi, wala kukausha ngozi ya kuku. Ndiyo maana sisi tunaoishi katika nyumba zenye jiko dogo, kama nilivyo mimi hapa Dar es Salaam, huvutiwa na kifaa kimoja cha kuweka juu ya kaunta ambacho ni maikrowevu na papo hapo ni oveni ya konveksheni, yaani yenye feni inayozungusha hewa ya moto. Nimekitumia kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo: maduka hutangaza wati za maikrowevu na wingi wa mapishi yaliyokwisha kupangwa kwenye vitufe, ilhali vifaa hivi hutofautiana zaidi katika uokaji.

Tuanze na nafasi ya ndani. Lita zinazoandikwa kwenye boksi, iwe 25, 28 au 32, hupima nafasi yote pamoja na pembe, na pembe hizo hazina faida kwa chombo kinachozunguka. Trei ya pembe nne inayoingia bila taabu ikiwa imetulia hugonga ukuta mara tu sahani inapoanza kugeuka. Kwa hiyo nenda dukani na chombo chako cha kuokea, kiweke juu ya sahani ya ndani, kizungushe kwa mkono mzunguko mzima, kisha kipandishe kwenye stendi fupi uone kama juu yake inabaki nafasi ya keki kuumuka. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo, muache.

Stendi hiyo fupi usiidharau. Katika vifaa vingi vya aina hii waya wa joto na feni vimefichwa nyuma ya ukuta wa ndani, huenda pakawa na grili juu, lakini chini hakuna moto wowote. Aliyezoea kuoka mkate wa mchele kwa mkaa, akiweka makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, ataona mkate wake umeiva vizuri juu na kubaki mweupe kitakoni. Dawa yake ni kuacha hewa ya moto ipite chini ya chombo, kutumia chombo chembamba cha alumini badala ya kioo kinene, na kuipasha oveni mpaka ifikie joto unalotaka kabla ya kuingiza unga. Chombo cha chuma kinafaa katika konveksheni peke yake; katika maikrowevu, au katika mpangilio unaochanganya vyote viwili, tumia kile tu ambacho kijitabu cha maelekezo kimekiruhusu, kwani cheche zinaweza kuharibu kifaa. Mpangilio huo wa kuchanganya, kwa maoni yangu, ndio unaohalalisha bei: kuku mzima huiva mpaka ndani na kupata rangi kwa muda mfupi kuliko katika oveni ya kawaida.

Suala la umeme halina mzaha. Wati 900 zinazotangazwa ni nguvu inayofika kwenye chakula, na ili kuitoa kifaa huvuta zaidi ya hapo. Konveksheni huvuta mara nyingi kati ya wati 2000 na 2500. Kwa umeme wetu wa volti 230, wati 2500 ni takriban ampea 11, na plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni ambayo tayari inabeba friji na birika. Kwa upande wa LUKU, yaani mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, waya wa wati 2200 ukiwaka mfululizo kwa dakika 45 hula yuniti 1.65, ingawa kwa kweli matumizi hupungua kwa sababu waya hujizima na kujiwasha joto linapotimia.

Wanaonunua vya mtumba wasome kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Kilichotoka Uingereza kinakubaliana na umeme wetu na hata plagi ni ileile. Kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni cha volti 120, cha Japani ni 100, na transfoma ya kubeba mzigo huo ni nzito na ghali, mimi singekichukua.

Mwisho, mwambie muuzaji awashe konveksheni kwenye nyuzi 180 kwa dakika kumi. Harufu ya mafuta ya kiwandani katika kifaa kipya ni ya kawaida. Sikiliza feni kama inakwaruza, angalia kama mlango unafunga sawasawa pande zote, na ukague ukuta wa ndani: mimi huchagua chuma cha pua, kwa kuwa rangi hubanduka pale mafuta ya nyama yanapoungulia, na baada ya hapo kutu huingia.