Chardonnay ya miaka kumi na samaki wa ziwani: nini kiende nayo mezani

Mkuu, umeuliza kuhusu chupa yako ya Chablis Premier Cru ya 2014, mvinyo mweupe wa zabibu za Chardonnay, wa daraja la pili kutoka juu huko Chablis. Una wageni watatu nyumbani hapo Mwanza, na mpango wako ni sato wa kuchoma, pilipili, ndimu na kachumbari, chupa itoke kwenye friji iende mezani moja kwa moja. Samaki ni sawa. Hayo mengine yote yataifunika hiyo chupa usijue hata umekunywa nini.

Chablis iko kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, sehemu ya baridi ambako umande ulioganda huunguza machipukizi ya mizabibu hata wakati msimu wa baridi umeshapita. Zabibu za huko huiva polepole na kubaki na asidi nyingi. Mvinyo ukiwa mchanga unanukia tufaha la kijani na limau. Ukishakaa miaka kumi, harufu ya tunda hupungua, zikaja za njugu zilizokaangwa, asali, nta, mkate uliobanikwa, wakati mwingine uyoga. Ugwadu wake hauendi popote. Chardonnay za Elgin au Hemel-en-Aarde, Afrika Kusini, ambazo kwetu huku ni rahisi zaidi kuzipata, hukua hivyohivyo, ila nyingi zimelazwa kwenye mapipa ya mwaloni, kwa hiyo zinabeba chakula kizito kidogo na chenye moshi.

Maana yake jikoni: tafuta mafuta laini, chumvi ya kiasi, viungo vichache. Ugwadu unakata mafuta, na ile harufu ya njugu inakaa vizuri na samli, siagi, korosho na uyoga. Pilipili iache, kwa sababu kilevi huongeza mwasho na ulimi ukishawaka hausikii tena harufu za taratibu. Ndimu nyingi au nyanya hufanya mvinyo uonekane umepooza. Sukari hufanya kinyume, mvinyo unakuwa mchachu kupita kiasi, ndiyo maana viazi vitamu, vibichi vya kuchemsha au matobolwa yaliyokaushwa, havifai kando ya sahani hii. Ugali wa sembe au wali mweupe usio na nazi unatosha. Udaga, yaani muhogo uliovundikwa, una uchachu na harufu yake, uweke siku nyingine.

Kwa samaki, mimi ningechagua sangara kuliko sato, maana nyama yake ina mafuta zaidi na minofu yake ni minene. Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, chukua gramu 800 za mnofu kwa watu wanne. Kama samaki ni mzima, angalia matamvua mekundu na macho yanayong'aa. Hili si la urembo. Mvinyo una chembe za chuma, na zikikutana na mafuta ya samaki yaliyoanza kuharibika hutoa shombo kali mdomoni, hata kama samaki mwenyewe hakuwa akinuka sana. Ndiyo sababu dagaa wakavu na kayabo (samaki wa chumvi waliokaushwa) hawapatani na mvinyo mweupe, na hakuna ufundi wa kupika utakaolibadili hilo.

Mnofu uwe na unene wa sentimita 2.5 hivi. Ukaushe kwa kitambaa, tia chumvi dakika 10 kabla, ukaushe tena. Samli vijiko viwili vya chakula, moto wa wastani, dakika nne upande wa kwanza bila kuugusa, tatu upande wa pili. Mnofu ukiwa na maji utachemka badala ya kukaangika, na ile ngozi ya kahawia ndiyo inayoushika mvinyo. Toa samaki, kaanga gramu 50 za korosho zilizopondwa kwa ukubwa kwenye samli iliyobaki, ongeza kipande cha siagi, mwagia juu. Ndimu matone mawili matatu, basi. Pilipili manga kidogo haina shida. Kitunguu saumu acha kabisa.

Ila ukiniuliza chakula bora kuliko vyote kwa chupa ya umri huo, ni kuku wa kienyeji na uyoga. Mchemshe taratibu na kitunguu maji na chumvi mpaka alainike, mara nyingi saa moja na nusu au zaidi kulingana na umri wake. Uyoga gramu 250 uukaange pembeni, bila chumvi kwanza, mpaka maji yake yakauke na uanze kuwa kahawia. Unganisha na vikombe viwili vya supu ya kuku, acha ipungue nusu, kisha malai nusu kikombe moto ukiwa mdogo. Moto mkubwa utayakata. Hakuna nyanya, hakuna bizari.

Sasa chupa. Isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yashuke. Ukiona vipande kama sukari chini, ni chumvi za asidi ya zabibu zilizoganda, hazina madhara. Kizibo cha zamani hukatika, hivyo ingiza kifungulio katikati kabisa na uvute polepole. Kikivunjika, chuja kwa chujio safi la chai.

Joto linalofaa ni nyuzi 11 hadi 13. Friji ya nyumbani iko karibu na 4, na kwa ubaridi huo utaonja ugwadu tu. Itoe dakika 30 kabla. Kama imekaa chumbani na hali ya hewa ni nyuzi 27, ndoo ya maji na barafu nusu kwa nusu kwa dakika 15 inatosha. Jaza theluthi ya bilauri, maana kinywaji kikizidi kitapata joto kabla hakijanyweka.

Onja kabla wageni hawajaketi. Rangi ya dhahabu ni ya kawaida. Ikiwa ya kahawia na inanukia tufaha lililooza, hewa imeingia, na hilo hutokea hata kwa chupa za bei kubwa. Harufu ya boksi lililoloa ni kasoro ya kizibo, na usidhani utaipikia mchuzi. Kizibo kilichosukumwa juu au kinachovuja ni dalili ya chupa iliyopikwa na joto, labda kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua. Ndiyo maana uwe na chupa ya pili, hata mvinyo mchanga wa Elgin, iliyopoa tayari.

Ikibaki, ifunge uirudishe friji na uimalize kesho yake, siku ya tatu itakuwa imechoka.