Kabla hajameza kidonge kingine cha kutoa maji

Kaka, boti ya Goma iache kwanza. Unaandika kwamba mkeo ana mimba ya miezi nane, uso umevimba, kichwa hakimwachii tangu juzi, mwuza dawa amempa kidonge cha kutoa maji, na hakuna aliyempima tansio, yaani presha ya damu. Wewe unauliza kama mawimbi ya ziwa yatamchosha!

Kidonge hicho nilikinywa mimi, hapa Kadutu, Bukavu. Nilikojoa usiku kucha, asubuhi pete ikatoka kidoleni, nyumba nzima ikashangilia. Kumbe katika ugonjwa huu, preeklampsia, ile tansio ya mimba inayoleta kifafa, maji yamejaa mwilini lakini ndani ya mishipa damu tayari imepungua. Ukizidi kuyatoa, unamnyima mtoto. Na tansio ikaendelea kupanda bila mtu kujua. Usiku nikaanguka kifafa. Nilizinduka maternite, wodi ya wazazi, nimechomwa magneziamu, dawa ya kuzuia kifafa, makalio yote mawili, mkunga ananigonga goti kuona kama mguu unaruka, anahesabu pumzi zangu, anachungulia mfuko wa mkojo. Kukaa sikuweza, basi nikajifanya malkia wa kulala. Mtoto walimtoa kabla ya wakati, maana ugonjwa huu hauanzi kuisha mpaka kondo la nyuma litoke. Namshukuru Mungu, leo ananivunjia sahani.

Yule mwuza dawa alivaa bluzi nyeupe kama daktari. Dukani alikuwa na redio, feni na kalenda ya kanisa. Tansiometa, hapana! Eti "uvimbe ni kawaida, unabeba mvulana". Nilizaa msichana.

Mama yako anasema ni damu yako, mume mpya, inayopigana na ya mkeo: mwambie anyamaze. Nusu ya asili ya kondo inatoka kwako. Seli za kinga za mama zinatakiwa kulizoea, tena zisaidie kupanua mishipa ya mji wa mimba. Maelewano hayo yakilegea, mishipa inabaki myembamba, kondo linakosa damu na kumwaga vitu vinavyoumiza mishipa ya mama: tansio inapanda, figo zinavujisha protini. Ndiyo maana mimba ya kwanza ina hatari zaidi, na wataalamu wengine wanahesabu hata ya kwanza kwa mume mpya. Si uchawi, wala hajamkataa mtoto wako.

Tansio na mkojo kwanza, kidonge baadaye. Hata kama anayekitoa ni shangazi yako. Tansio ikifika 140 kwa 90, ile infirmie (wauguzi) wetu wanaita 14 kwa 9, anaonwa na daktari leo leo. Ikifika 160 kwa 110, au akiona nyota machoni, au maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje hata ugali uive. Na akishazaa msilegee: kifafa kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka.

Chukua fishi yake ya kliniki, mwambie motari wa pikipiki aende polepole. Mkishapimwa, niandikie hapa namba zote mbili, ya juu na ya chini.