Re: Msambazaji amekataa kunirudishia nusu ya gharama ya tangazo

Habari mkuu. Kwa nilivyokuelewa: una duka la pembejeo Mwanjelwa, kampuni ya mbegu iliahidi kuchangia 50% ya matangazo, umelipia redio na kupaka rangi ukuta, sasa wanasema madai hayapiti.

Anza na kibali. Kampuni nyingi hutaka uidhinishiwe kwa maandishi kabla ya kutumia hela. Neno la ofisa mauzo kwenye simu halihesabiki. Tafuta barua pepe au hata ujumbe wa WhatsApp.

Halafu angalia salio lako kwenye mfuko wa matangazo, yaani hela ambayo kampuni imekutengea kuchangia matangazo yako. Mfuko huu mara nyingi hukua kwa asilimia ya manunuzi. Ukinunua mzigo wa milioni 40 kwa 2%, una 800,000 tu. Wakichangia nusu, tangazo la 1,600,000 linaumaliza. La milioni 3 linakuachia mzigo wa 2,200,000, si milioni moja na nusu uliyotarajia. Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Ushahidi: risiti ya EFD yenye jina la duka lako, ratiba ya redio yenye tarehe na saa iliyorushwa, picha ya ukuta kabla na baada. Kama nembo ya mshindani ipo ukuta huohuo, sahau.

Hujasema ulipeleka madai lini. Siku 30 au 60 baada ya tangazo ni kawaida, soma mkataba.

Na usisubiri taslimu. Kampuni nyingi hukata kiasi hicho kwenye ankara ya mzigo unaofuata, kwa hiyo wahi kabla hujaagiza mbegu za Novemba.