Barua kwa mwanangu mpuliza tarumbeta

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako anakohoa kidogo asubuhi, lakini amenikataza nisikuandikie hilo, kwa hiyo hujalisikia. Naandika kwa mkono kama kawaida yangu, mdogo wako ataipiga picha akutumie kwenye simu.

Umeniuliza swali fupi, nami nimekaa nalo siku nne. Mko watu kumi na wanane studio, mnarekodi albamu ya bendi ya chuo, na ule wimbo wenye solo yako mmeupiga mara tano. Mara ya pili bendi iliwaka, mpiga drams akawapandisha wote, ila wewe sauti ikakukatikia kule juu. Mara ya tano ukapuliza safi, kila noti mahali pake, lakini wenzako walikuwa wamekwisha choka, wakapiga kama watu wanaongoja daladala. Mwalimu wenu kasema mwenye solo ndiye achague. "Baba, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Nimeshawahi kuwa mimi, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe.

Ile picha ya sebuleni, ya koti la kijani, ilipigwa wiki ileile tuliyorekodi sisi. Mwaka 1983, Desemba. Bendi ilikuwa ya shirika, vyombo vya shirika, hata tarumbeta niliyoishika haikuwa yangu. Ukihama bendi unaiacha ofisini na koti lake. Mafuta ya vali hayakupatikana mjini, nikawa napaka mafuta ya taa. Mama yako atakwambia nilivyokuwa nikinuka. Tulipewa studio kwa saa tatu, nyimbo sita, na nje bendi nyingine imeshashusha tumba zake, inatungoja tutoke.

Chumba kimoja, watu wote humo. Waimbaji kipaza sauti chao, sisi wapulizaji watatu chetu kimoja: tarumbeta mbili na saksafoni ya Ba' mdogo wako wa Ilala. Mimi nilisimamishwa hatua nne nyuma nisiwameze wenzangu. Zamu yangu ikifika nasogea mbele, nikimaliza narudi kinyumenyume nisije nikakanyaga waya. Feni ilizimwa kwa sababu ilivuma kwenye tepu. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye vidole, vali zikawa zinateleza. Fundi mitambo yuko nyuma ya kioo, anainua mkono, akiushusha, mnaanza. Hakuna kukata, hakuna kubandika. Akikosea mmoja, mmekosea wote.

Wimbo wa nne nilifungua mimi. Noti ya kwanza nikaishika, ya pili ikanikatikia kama jogoo anayejifunza kuwika. Tukaendelea, maana haturuhusiwi kusimama. Halafu Ba' mdogo akaingia. Sijui niieleze vipi. Mazoezini tulikuwa tumeshaizoea saksafoni yake pale, tunaijua kama njia ya kwenda sokoni. Siku ile akashuka chini, akapiga kidogo kidogo, kama mtu anayesema na mkewe watoto wamelala. Mpiga gitaa la rizimu, ambaye hakuwahi kucheka tangu nimjue, akacheka.

Tulipomaliza, fundi akauliza kwenye spika, "Vipi, tuiache hiyo?" Kiongozi wa bendi akanitazama mimi. Na mimi nikasema, "Turudie."

Tepu zilikuwa adimu kama sukari. Kurudia maana yake ni kurudisha tepu nyuma na kurekodi juu yake. Niliisikia ikirudi, ile sauti ya vwiii. Mara ya pili nilipuliza safi kabisa. Ba' mdogo akapiga njia ya sokoni.

Hakuniambia kitu. Kwenye gari akaniomba sigara. Miaka mitatu baadaye tukamzika, unajua mengine, na unajua kwa nini mjane wake haendi harusi zenye bendi. Wimbo ule redio waliupiga sana, majirani wakanisifu mlango hadi mlango. Mpaka leo ukipigwa naupandisha mpaka inapokwisha tarumbeta, halafu napunguza sauti.

Nimekuwa nikiwaambia tangu mko wadogo, na mkawa mnaniigiza mezani: rekodi ni sinia, si sahani. Cheka tu. Kwenye sahani unakula chako na kuacha chako. Kwenye sinia, mkono wako ukienda upande wa mwenzio, watu wote wanauona.

Ila ngoja. Usidhani sijiulizi. Huenda ile saksafoni haikuwa nzuri kiasi hicho. Kitu kilichofutwa hakina wa kukibishia. Kila mwaka naiongezea noti moja. Mwaka juzi nilikutana msibani na mzee wa besi, tuliobaki ni sisi wawili, nikamwuliza kama anaikumbuka mara ile ya kwanza. Akafikiri sana. Akasema anakumbuka joto, na kwamba feni ilizimwa.

Nilikasirika siku nzima.

Halafu tukio lako na langu si sawa, hilo nalijua. Ninyi hamfuti. Mara zote tano zimekaa kwenye kompyuta, hakuna saksafoni ya mtu itakayokufa kwa sababu yako. Na umenieleza kuwa fundi wenu angeweza kuikata solo ya mara ya tano aipachike kwenye ya pili, isipokuwa mlipiga chumba kimoja bila kuzibwa, na sauti yako imeingia hadi kwenye vipaza sauti vya matromboni. Ikiondolewa mbele inabaki nyuma, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya pili. Hilo lilinifurahisha. Miaka arobaini ya mitambo, na bado mwenzako anakusikia makosa yako.

Wazee wenzangu barazani hawaamini kuwa jazi inasomewa. Nawaambia kule Denton, Marekani, chuo kikuu cha North Texas alikosoma mwalimu wenu, shahada ya jazi imeanza 1947, na bendi zao zinaitwa kwa saa ya mazoezi. Ile kubwa jina lake ni Saa Moja. Nao wakauliza, alfajiri au jioni? Nikawaeleza ni saa ya Kizungu, maana yake saa saba mchana, jua la utosi, na bado watu wanapuliza. Nikawaambia santuri yao ya 1975 iliteuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Grammy, na haijawahi kutokea kwa bendi ya wanafunzi kabla ya hapo. Wakanyamaza kidogo. Kisha mmoja akasema, "Basi sisi tulikuwa maprofesa." Western Jazz ya 1959, NUTA Jazz ya 1964, wote walijiita jazi, na watu wakicheza rumba na chacha mpaka kuche. Kwetu hata solo lilikuwa jina la gitaa.

Na unamkumbuka Paul Gonsalves, uliyenisimulia likizo iliyopita, nikakuamsha usiku wa manane unisimulie tena? Tamasha la jazi la Newport, Marekani, 1956, bendi ya Duke Ellington, anasimama na saksafoni yake anapiga mizunguko 27 ya wimbo, watu wanapanda juu ya viti. Na muda wote huo amekielekea kipaza sauti kisicho chake, cha redio ya Sauti ya Amerika, si cha kampuni ya santuri. Kwenye santuri iliyouzwa anasikika yuko mbali, na sehemu kubwa ya santuri ile walikwenda kuipiga upya studio, wakaitia makofi. Mpaka tepu ya redio ilipopatikana, wakaziunganisha zote mbili, 1999. Miaka 43! Huyo tepu yake ilikuwepo mahali, imekaa inamngoja.

Basi najua unavyonisoma sasa: Baba anasema nichukue ya pili. Sijasema. Maana jambo hili lina upande mwingine, na ningekuwa mwongo nikiuficha. Ukumbini kosa linaishi dakika moja, watu wanalikanyaga wakicheza. Kwenye rekodi linarudi kila siku, palepale. Na jina litakaloandikwa kwenye solo ni lako. Mtu atakayekutafutia kazi kesho hatasikia uchovu wa drams, atasikia binti wa Dar aliyekatikiwa juu. Mimi nilikuwa na bendi ya shirika na mshahara mwisho wa mwezi, nikaogopa noti moja. Wewe una viza na ada. Nani angekulaumu?

Lakini rekodi ni sinia.

Mama yako ameisoma barua hii begani kwangu, anasema nimeshakuambia. Sijakuambia. Ukiniuliza mara ya pili labda nitakuambia, kwa hiyo usiniulize.

Nitumie zote mbili, bila kuandika ipi ni ipi. Na kabla hujampa mwalimu jibu, mwulize yule kijana wa drams kama anaikumbuka mara ya pili. Akisema anakumbuka joto tu, niandikie.

Ni mimi,
Baba yako