Jeli safi isikudanganye

Nilipoanza kutengeneza kingamwili za kupimia kichocho hapa Pemba, niliiamini mno Coomassie, rangi ya buluu inayoonesha protini kwenye jeli, baada ya jeli kuzitenga kwa ukubwa. Seramu ya sungura ilikwisha pita kwenye safu ya Protini A, mrija wenye protini inayonasa kingamwili, na jeli ikaonesha mistari miwili tu, ya vipande viwili vya kingamwili: mnyororo mzito kwenye kilodaltoni 50 (kipimo cha uzito wa protini), mwepesi kwenye 25. Nikapachika lebo ya kimeng'enya, ile inayotoa rangi kwenye kipimo. Siku ya kupima, hata mkojo wa watoto wasio na kichocho ukatoa rangi kwenye vishimo vya sahani ya kupimia.

Kumbe ndani ya kingamwili mlikuwa na albumini ya sungura, protini nyingine ya damu, nayo ikabeba lebo sawasawa na kingamwili.

Fanyeni hesabu, wenzangu. Coomassie inataka kiasi cha nanogramu 50 hivi ndipo jicho lione mstari. Mimi niliweka mikrogramu 2, yaani nanogramu 2,000. Uchafu wa asilimia 1 humo ni nanogramu 20; ningeuonaje? Siku hizi naweka mikrogramu 10, mistari mikubwa ivimbe itakavyo. Sitafuti picha nzuri, namtafuta mgeni.

Ila mnyororo mzito ukivimba huimeza albumini, maana nayo ina kilodaltoni 66 tu. Kwa hiyo sampuli ile ile naiendesha mara mbili, yenye dawa ya kuvunja vifungo vya salfa vinavyoshika minyororo ya kingamwili pamoja, na isiyo nayo. Isipovunjwa, kingamwili hubaki juu, kwenye 150, na chini yake panakuwa peupe. Albumini haina pa kujificha.

Halafu rangi ya fedha, inayoona hata nanogramu 1. Hapa maji ndiyo yanayotuangusha. Baadhi ya visima vyetu vina chumvichumvi. Siku moja nilisuuza jeli kwa maji ya bomba, na nilipomimina naitreti ya fedha, dawa ya rangi hiyo, bakuli zima likawa jeupe kama tui. Kloridi hiyo, ya chumvi ya maji, imeshikana na fedha. Kazi ya siku mbili ikaenda. Sasa hata bakuli nalisuuza kwa maji yaliyosafishwa. Na glavu usivue: keratini ya ngozi huacha mistari papo hapo jirani na albumini. Mfereji mmoja wa jeli, njia inamopita sampuli, uwe wa bafa tupu, yaani kimiminika kisicho na protini. Mstari ukitokea na huko, hautoki kwenye kingamwili yako.

Kingamwili iliyokuwa haijapachikwa lebo niliirudisha kwenye safu ya Protini A, nikaiosha kwa bafa mpaka usomaji wa nanomita 280, mwanga unaopima protini, ukashuka hadi sifuri, ndipo nikaitoa kwa asidi, nikaipachika lebo na kupima tena. Vishimo vya wale watoto wasio na kichocho vikabaki vyeupe.